Panya Wasioona na Kapu la Shangazi

Kibeta, Jumanne usiku

Leo alfajiri nimepoteza panya wawili wasioona, dume na jike. Nimezalisha vizazi sita kuwapata, ili daktari wa macho achunguze upofu wa kurithi kama huu wa ukoo wetu. Bila wao naanza upya.

Shangazi, mgeni wangu kutoka Izigo, anakiri kuwa ndiye aliyefungua kizimba. “Mwana wange, vipofu hawafungwi. Nimewaona wakikimbilia migombani.”

Amewaona gizani, yeye ambaye jua likizama anasalimia kabati.

Halafu kapu lake la safari limefunikwa kanga, na karanga zangu za kulishia panya zimepungua nusu. Kesho saa moja asubuhi, kabla hajapanda gari la Muleba la kumrudisha kwake, anijibu bila kuzunguka: Shangazi, kapuni kuna nini?