Kikao cha Dharura: Jinsi Tulivyomposa Natacha Badala ya Umulisa

KAMATI YA HARUSI YA RWEMA NA UMULISA
Jumatano, 11 Juni 2025, sebuleni kwa Mama Mukasine, Kimironko

Waliohudhuria: Mukasine, shangazi wa Rwema (Mwenyekiti); Mzee Zephaniah (msemaji wa familia); Aurore, dada wa Rwema; Silvère Nsengiyumva, mjomba (Katibu, ambaye bila kalamu yake nusu ya Kigali ingekuwa bado haijaoa).

Asiyehudhuria: Rwema, bwana harusi. Yuko Remera anambembeleza Umulisa getini. Geti halijafunguliwa.

KUMB. NA. 1/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa kumi na moja jioni kwa sala fupi na maneno marefu. Alieleza kwamba Jumamosi iliyopita tulitakiwa kumposa Umulisa kwenye ukumbi wa Remera, sisi tukaenda ule wa Kimironko, tukakalia viti vya waposaji wengine waliochelewa, na Mzee Zephaniah akaomba binti wa watu wasiotujua. Binti aliletwa. Anaitwa Natacha. Rwema alisema, "Siyo huyu!" na maikrofoni ilikuwa imewashwa.

Mzee Zephaniah alijitetea kwamba yeye aliomba binti mzuri, akaletewa binti mzuri, sasa kosa lake liko wapi? Mwenyekiti alimwambia anyamaze. Hakunyamaza.

KUMB. NA. 2/2025: UJUMBE ULIPOTELEA WAPI
Aurore alionyesha simu yake. Ujumbe wa kubadilisha ukumbi alikuwa ameutuma Ijumaa kwenye grupu la WhatsApp. "Na nyinyi wote mliweka kidole gumba!" alisema.

Mwenyekiti alikiri kwamba siku ile ujumbe ulikuwa unashuka kama mvua ya mwezi wa nne: sala, mishono ya mashati, video ya padri anayecheza. Katibu alieleza kwamba mvua hiyo kwake ni umande, maana zamani Bujumbura alikuwa akisikiliza redio tatu kwa mpigo, moja ya Kifaransa, huku akicheza karata na kushinda. Mwenyekiti alimwomba Katibu aandike, asihadithie.

Iligundulika kwamba ujumbe wa Aurore ulifuata mara tu baada ya picha ya ng'ombe wa mahari. Ng'ombe kila mtu alimkumbuka, pembe zake na hata doa la sikioni. Kilichofuata hakuna aliyekikumbuka.

KUMB. NA. 3/2025: JARIBIO
Aurore alipendekeza asome maneno haraka haraka, wajumbe wainue mkono wakisikia mnyama, na tena wakisikia mtaa. Alisoma: "Sahani, mwavuli, sabuni, mbuzi, Muhima, kijiko, ndoo." Kwa mbuzi mikono yote ilipanda. Kwa mtaa wa Muhima, hata mmoja. Mzee Zephaniah aliapa kwamba Muhima haikutajwa.

Ikarudiwa kwa maneno mengine. Katibu alikuwa wa kwanza kumkamata tembo, na alipogeuka kuona kama wenzake wamemwona, mtaa ulishapita. "Tonton," Aurore alimwambia mjomba wake, "Remera imekupitia chini ya pua."

Mwenyekiti alihitimisha kwamba kichwa cha mtu kikishapokea mgeni mkubwa hufunga mlango kidogo ili kimkalishe, na anayebisha wakati ule haitikiwi. Siyo ujinga wala uzee. Mzee Zephaniah aliomba hilo la uzee liandikwe vizuri. Limeandikwa.

KUMB. NA. 4/2025: MAAZIMIO
Mwenyekiti alitangaza kwamba baba yake Umulisa ametupa nafasi moja tu, Jumamosi hii. Tukikosea tena, binti anapelekwa kwa shangazi yake Kampala, na Rwema atabaki na ng'ombe wake.

Iliazimiwa kwamba grupu lifungwe, Mwenyekiti peke yake aandike. Neno la maana likitumwa lisifuatwe na chochote mpaka kila mtu awe amelijibu kwa maneno yake mwenyewe. Vidole gumba vimepigwa marufuku.

KUMB. NA. 5/2025: KUFUNGA
Mwenyekiti alimsifu Katibu kwa mwandiko wake, akasema hata maaskofu hawaandiki hivyo. Wajumbe walipiga makofi. Katibu alisimama akainama. Hapo hapo Mwenyekiti akataja saa na mahali pa kukutania Jumamosi, wote wakasema "sawa", Katibu pia akasema "sawa", na kikao kikafungwa saa kumi na mbili na nusu.

Katibu hakusikia saa wala mahali. Nafasi imeachwa:
Saa ................ Mahali ................
Anayejua ajaze kwa penseli, kimya kimya, kabla karatasi hii haijafika kwa Mwenyekiti.

Katibu: S. Nsengiyumva (sahihi)
Mwenyekiti: (bado)