Mbuzi Katika Rekodi ya Dkt. Nicanor Magige

Baba, mwaka umetimia tangu ututoke, na kuna jambo lazima tukuambie sisi wenyewe kabla hujalisikia kwa watu: idadi yako imeshuka. Ni sisi tulioishusha.

Wenye haraka ya kutulaumu wasubiri kwanza. Miaka ishirini uliifundisha kompyuta kuangalia tone la damu kwenye kioo na kusema kama lina malaria. Uliijaribu huko Muhuru Bay, ukawa unarudi nyumbani Migori unanuka omena, wale dagaa wa ziwani, viatu vimejaa mchanga, na furaha tele kwa sababu siku hiyo mashine imekosea mara nne tu. Akina mama waliokuletea watoto kupimwa uliwaita "wenzangu wa utafiti". Uliwashukuru kwa majina mwishoni mwa kila makala, wahariri wapende wasipende.

Lakini ugonjwa wako ulikuwa ile rekodi. Kila asubuhi, hata uso hujanawa, ulishika simu kuona ni mara ngapi watafiti wa duniani wamenukuu kazi yako. Ikiongezeka moja, tunatumwa mandazi dukani kwa Abdullahi, jirani yetu, naye anaitwa aje asikilize habari. Isipoongezeka, chai kavu. Siku mtafiti mmoja Mbrazili alipokunukuu ili aseme umekosea, mandazi yalikuja vilevile. "Kukosolewa si kusomwa?" ulimuuliza Mama. Mama akachukua andazi, akala.

Ulituacha rekodi ikisoma hamsini na nane. Ulitamani sana mia. Sasa sikia maajabu: ulipokuwa hai rekodi ilichechemea, tulipokuzika ikatoka mbio. Mwezi wa tano baada ya mazishi ilisoma mia tatu arobaini na nane. Mama alilia kwa furaha. Alimwambia Abdullahi, akamwambia mchungaji, akampigia Profesa Motari, mkuu wa idara yako kule chuoni Homa Bay, naye akaichapisha idadi hiyo kwenye mwaliko wa siku ya kukukumbuka. "Walikudharau," Mama aliiambia picha yako ukutani, "sasa wameona haya."

Ndipo binti yako Edith akafungua kuona ni makala zipi hizo. Baba, tangu uage dunia ulikuwa umeandika makala mbili mpya juu ya homa ya mapafu ya mbuzi. Kumbe yuko Naftali Magige, daktari wa mifugo, mzima wa afya, na kompyuta ikiona "N. Magige" imezichanganya kazi zenu, na wanaomnukuu yeye wakahesabiwa kwako. Na wewe tangu beberu akusukume mtaroni siku ya harusi ya shangazi, ukimwona mbuzi ulikuwa unahama barabara.

Profesa Motari alitushauri tunyamaze. "Marehemu hapunguzwi," alisema, "na mialiko imeshatoka." Mama alitamani kumsikiliza. Aliona kuipunguza ni kama kuambiwa akuzike mara ya pili, na safari hii mbele ya maprofesa.

Aliyekata shauri ni mama yako, Nyanya Jerusha, kwa simu kutoka Ogwedhi. "Mbuzi wa mtu akilala kwako siku moja, ni mgeni," alimwambia Mama. "Ya pili, wewe ni mwizi. Nicanor nilimlea hivyo. Rudisha mali ya watu."

Basi Mama akaketi na Edith, wakaingia kwenye rekodi kwa neno lako la siri, ambalo ni tarehe ya harusi yenu, ila mwaka umekosea. Hilo Mama amelisamehe, anasema. Wakawatoa mbuzi mmoja baada ya mwingine, na Mama akamwandikia Dkt. Naftali kumwomba radhi. Ilibaki sitini na moja. Akampigia Motari kwamba siku ya kukukumbuka asome sitini na moja, asiposoma atasimama yeye asome. Motari alisoma.

Tuliporudi nyumbani Mama alizipitia hizo sitini na moja, jina kwa jina: wa Mwanza, wa Kampala, na yule Mbrazili wako. "Wageni wote hawa wameisoma kazi yake," akasema, "na mimi niliyeishi naye miaka thelathini na miwili sijasoma hata moja."

Ameanza. Amevaa miwani yako, kamusi iko magotini, na amefika ukurasa wa tatu wa makala yako ya kwanza. Anasoma kwa sauti. Akikwama anauliza, "Sasa hapa ulimaanisha nini, Baba Stanley?" Halafu anangoja kidogo kabla ya kuendelea.

Unakumbukwa na mkeo Orpah, mama yako Jerusha, watoto wako Stanley na Edith, na jirani yako Abdullahi. Tutakukumbuka, Baba, maisha yetu yote.