Inzi ya Mulima ku Kaburi ya Laurentine

Kolwezi, tarehe 2 Juni

Mwana wangu Mujinga,

Jambo sana. Uko muzuri? Kifua yako inaendelea namna gani na ile baridi ya ku mulima? Shiye huku tuko, Mungu anatuchunga. Magoti tu njo inanisumbua asubui, lakini bukari yangu naimaliza yote, usiogope.

Sasa sikia. Bantu ba kampuni balikuja ku makaburi na rangi nyekundu, kila kaburi banaipiga alama. Banasema chini kuko shaba. Mbele ya mvula kuanza batafukula bantu bote balizikwa na kubapeleka ku makaburi ya mupya, barabara ya Nzilo. Na mama yako ndani! Laurentine hata hajapumuzika muzuri pale. Nilikasirika mupaka sauti ikakatika.

Lakini weye uliniandikia mwaka jana kwamba kule ku mulima Ruwenzori, sababu ya ile inzi mudogo unayosoma, hakuna mutu anaruhusiwa kuchimba hata jiwe. Nilikucheka siku ile, nakuambia kweli. Basi Jumapili nilienda kufagia kaburi, na naona nini? Inzi bidogo byeusi, binatembea tu. Napuliza, habiruki. Nagusa na jani, habiruki! Nilibiweka mu kachupa ka dawa. Blanchard, mutoto wa dada yangu, anapanda ndege kuja huko, atakuletea. Angalia muzuri. Kama njo ile yako, hakuna mutu atamugusa mama yako.

Elisée jirani njo anapiga barua hii picha na kukutumia. Mi na simu hatupatani.

Tata yako,
Tshilombo


Butembo, tarehe 20 Juni

Tata yangu mupenzi,

Salamu nyingi. Mi niko mzima, kifua imepoa. Hayo magoti, upake mafuta ya moto, tena uache kupanda baiskeli. Najua bado unapanda, usinidanganye.

Blanchard alifika na kachupa. Tata, kichwa yangu inazunguka. Nilifikiri ni kale ka-inzi ka ku ndizi tu. Nikaweka moja chini ya lentille ya kukuza: bawa fupi kama kipande cha ukucha, haiwezi kumubeba hata kidogo. Nyuma ya bawa, ile bifimbo mbili kila inzi iko nabyo bya kujisawazisha hewani, kwake ni alama tu. Miguu ya nyuma minene, na manyoya magumu ya kushikilia jani wakati upepo inapiga. Nikahesabu mishipa ya bawa, nikarudia. Ni yeye.

Lakini haiwezekani! Huyu anaishi juu kabisa, kule maji inaganda asubui, ndani ya majani yaliyooza ya kimuti kimoja tu. Hajaonekana hata mahali pamoja pengine. Na hawezi kuruka. Alifika Kolwezi na nini, na miguu?

Profesa Kankolongo, mwalimu wangu, alisema tuandike karatasi: makao mapya. Yuko tayari kutia sahihi. Mi ninasita. Tena Tata, kule ku Ruwenzori hawachimbi kwa sababu ni pori ya serikali, si sababu ya inzi peke yake. Naomba usiambie mutu bado. Niambie kwanza: pale ku kaburi kunaota nini?

Mutoto wako,
Mujinga


Kolwezi, tarehe 1 Julai

Mujinga mwana wangu,

Jambo, jambo, na tena jambo! Magoti imepona na furaha peke yake.

Unasema nisiambie mutu. Ee, ulichelewa. Nilisema ku kanisa, bamama bakapiga vigelegele. Mama Fidélie, ule alizika mutoto wake karibu na mama yako, alinikumbatia mbele ya bantu bote, hata nikaona haya. Chefu wa kartier, mutaa yetu, Kanyinda, alienda mwenyewe ku biro ya kampuni. Balisimamisha kazi! Banasema banangoja karatasi ya profesa. Mi sielewi inzi inaweza kusimamisha mashini namna gani, lakini imesimamisha.

Leta karatasi, mwana. Usitie mambo ya mashaka-mashaka.

Unauliza kunaota nini. Majani ya kawaida. Na kile kimuti chako. Ulituma kwa mukebe nikipande mu lupango, mu kiwanja ya nyumba, nikikaa inje nikiangalie. Lakini kilifika wiki tulimaliza musiba ya mama yako. Namna gani nikae na zawadi ya mutoto na mama yake hana kitu? Nilikipanda kwake. Baridi ya sasa kinaipenda kidogo, lakini majani ya chini imeoza. Sikuikata, sababu inatoka ku mukono yako.

Tata yako,
Tshilombo


Butembo, tarehe 4 Julai

Tata,

Uko muzuri? Mi hapana.

Ni mimi niliwaleta. Mayai yalikuwa ndani ya yale majani. Niling'oa kimuti kwa mukono yangu, nikakitia mu mukebe na udongo yake, nikakutumia. Wametoka sasa sababu huko ni wakati wa baridi. Joto ya Septemba ikifika, watakufa wote. Kolwezi si kwao.

Profesa hajui. Anangoja tu niandike mahali walipokamatwa, atie sahihi. Niliketi na kalamu, nikaandika Kolwezi, nikafuta. Nikaandika tena. Tata, sijui tena mi ni nani hapa, mwanafunzi ao mutoto wa Laurentine. Nisipoandika, watamufukula mama. Nikiandika, ni uongo, na jina la mama litakuwa ndani.

Ukisema andika, nitaandika.

Mujinga wako


Butembo, tarehe 11 Agosti

Tata,

Salamu. Hunijibu. Elisée anasema uko, unakula, lakini unamufungulia mulango na kufunga tena. Umenikasirikia? Karatasi iko mbele yangu, haina sahihi. Sema kitu, hata matusi.

Mujinga


Kolwezi, tarehe 16 Septemba

Mwana wangu,

Jambo. Afya yangu iko, shukrani.

Sikukukasirikia. Kila asubui nilisema leo nitamuandikia: andika, na kalamu inakataa. Mama yako alikuwa anakupiga juu ya uongo kidogo tu wa sukari, unakumbuka? Sasa mi nikutume uongo juu ya kichwa yake?

Nilienda kwa Kanyinda, nikamuambia yote. Akaniitia bantu bote ku makaburi, nikabaambia na bo. Mama Fidélie alinitemea mate. Sikujipanguza. Hata leo sijui kama nilifanya muzuri, mwana. Nikiamuka naona ndiyo, nikilala naona hapana.

Bantu ba kampuni balikuja wiki iliyopita. Banatia kila mutu mu kasanduku kadogo ka mbao. Balitaka kupakia zote pamoja mu kamio, nikakataa, wa kwangu nikamupakata. Mama yako alikuwa mutu munene, Mujinga. Siku ya kumuzika balimubeba banaume sita na bakatoka jasho. Sasa nilimuweka ku magoti miye peke yangu, na haikuuma hata kidogo.

Barabara yote nilikuwa namuambia: Laurentine, hapa tunapita soko, hapa kuko bilima, usiogope, niko nawe. Shofere alizima redio.

Kuja, mwana. Kaburi mpya haina kitu juu. Usilete kitu, kuja weye.

Tata yako,
Tshilombo