Kichuguu cha Mama Amoit

Mjukuu wangu Ekisa,

Hapa Chakol tu wazima. Nyanya yako amemaliza kupalilia mihogo na anakusalimu. Umeniuliza kama uache kuwapeleka wanafunzi wako nje, kwa kuwa wazazi wanasema mnacheza tu.

Nilipokuwa shuleni, mwalimu wetu alitupeleka kuona kumbikumbi. Alikuwa mgeni, hakujua kwamba huku kila kichuguu kina mwenyewe. Mara Mama Amoit akatokea na jembe begani.

"Mwalimu, hiyo ni mboga ya watoto wangu! Unawafundisha nini hapa, wizi?"

"Nisamehe, mama. Basi tufundishe wewe."

Mama akacheka. Akatugawia vijiti, tukagonga ubao juu ya kichuguu, taratibu kama mvua inayoanza, mpaka kumbikumbi wakadanganyika wakatoka. Tuliwala palepale.

Wiki hiyo wazazi waliokuwa wakinung'unika kwamba tunacheza tu walisikia habari za Mama Amoit, wakamsimamisha mwalimu njiani: "Na kwangu mtakuja lini?"

Kwa hiyo usiache. Nenda kwa mzazi anayelalamika kuliko wote, umuulize shambani kwake kuna nini.

Ni mimi babu yako, ambaye bado hugonga vijiti mvua zikikaribia.