Picha Zilizobaki Kwenye Kompyuta Yangu

Nyaishozi,
Karagwe, Kagera.
16 Juni 2025

Mpendwa dada Costansia,

Shikamoo. U mzima huko Mtwara? Shemeji hajambo? Mwanetu Ainembabazi ameshapona mafua? Sisi tupo. Mama goti linamsumbua, lakini kukaa hataki, maana kahawa zimeiva. Barua hii nimeiweka ndani ya kifurushi cha maharage mapya, usije ukayapika nayo.

Dada, nina wivu, na sina mwingine wa kumwambia. Cassian, mtoto wa mama mkubwa wa Kaisho, ametengeneza tovuti ya kikundi chao cha kahawa akaipandisha hewani. Tangu hapo nyumbani kwetu hakuna jina lingine. Mgeni akifika, kabla hajaletewa hata kahawa ya kutafuna, mama ameshamfungulia simu amwonyeshe kazi ya Cassian. Mimi niliyesomea kompyuta chuoni nipo papo hapo, namenya ndizi.

Basi nikatengeneza ya kikundi chetu. Nikafungua akaunti kwenye kampuni moja inayohifadhi tovuti, nikapandisha kurasa, nikapewa anwani, nikawatumia wanakikundi wote. Nilitaka mama alitaje jina langu, basi.

Kumbe kurasa zilipanda, picha zikabaki kwenye kompyuta yangu. Nikifungua mimi, naziona zote. Wenzangu waliona vijisanduku vitupu. Mzee Elpidius, mwenyekiti wetu, alivaa koti la harusi jua likiwaka kwa ajili ya picha yake. Akanipigia: "Mwanangu, jina langu nimeliona. Sura yangu umeipeleka wapi?" Wengine wakaanza kusema mkutano wa Jumapili umpe Cassian kazi hiyo.

Na aliyegundua kosa ni nani? Cassian! Alinitumia ujumbe kimyakimya: tovuti inazitafuta picha kwenye mashine yangu, nizipandishe nazo, kisha nirekebishe kurasa zizitafute huko huko. Nikafanya, zikaonekana. Nilimjibu kwa kidole gumba tu, asante sikuiandika.

Jana akaja mkutanoni; mama ndiye aliyemwalika. Watu walipomwomba aichukue kazi, alisimama akasema, "Hii ni ya Sperancia, na ameiweza mwenyewe. Mimi sina la kuongeza." Makofi yakapigwa, nikaachiwa kazi yangu. Mama alinikumbatia, akalitaja jina langu mbele ya watu. Nikafurahi, dada, nisikudanganye. Kisha akamgeukia Cassian: "Mwanangu, una moyo mzuri wewe!" Akamshika mkono hadi tunafika nyumbani.

Kunishinda ningemsamehe. Lakini hata siku niliyoshinda mimi, sifa kachukua yeye.

Mbusu Ainembabazi, msalimie shemeji. Mama anawakumbuka katika sala kila jioni. Cassian naye anakusalimu sana. Salamu zake nimezifikisha, wala huna haraka ya kumjibu. Mungu awafunike kwa mkono wake, mle mshibe na mlale salama.

Mdogo wako akupendaye kuliko wengine wote,
Sperancia