Kidonge Ninachokitupa

Jumatatu, 3 Machi 2025
Upasuaji umeahirishwa tena. Daktari amerudia: presha isiposhuka, hawezi kunitia figo ya binti yangu, Vera. Vera amelia kwenye ngazi za hospitali, watu wakipita. Mimi nikatazama viatu vyangu. Havifungiki, miguu imevimba.
Sina pengine pa kusemea: nimefurahi.

Jumanne, 4 Machi 2025
Hakuna maziwa! Vera amesoma kijikaratasi cha dawa yangu ya presha — inazuia kalsiamu. Basi kapiga marufuku maziwa na mukene, dagaa wangu. Chai ya rangi tu. Nimemweleza, mimi niliyefundisha fiziolojia Chuo Kikuu cha Kyambogo: kalsiamu ya kikombe haina kosa. Kosa ni ile inayopenya ndani ya seli za kuta za mishipa. Figo mbovu huichochea, mishipa hubana, presha hupanda, figo huzidi kufa. Kidonge hufunga vile vilango vya seli, basi. Mumewe, Odyek, akasema profesa anatetea chai yake. Tukacheka. Vera hakucheka.

Alhamisi, 6 Machi 2025
Nakaa, nainuka, naenda dirishani, narudi. Niseme basi, nisife nalo. Sikimezi kile kidonge. Tangu Januari, kila asubuhi nakitupa chooni, navuta maji. Vilango viko wazi, mishipa imebana kama ngumi. Najua mwisho wake, niliufundisha.
Nakaribia sabini. Vera ana watoto shuleni. Nilimkatalia figo yake waziwazi. Akapiga magoti, nikashindwa. Presha haipigiwi magoti.

Jumapili, 9 Machi 2025
Kichwa. Macho yana ukungu. Nimemsikia Vera jikoni akijilaumu kwa Odyek kwamba ni chumvi yake, ni mchuzi wake, anamuua babake kwa mikono yake.
Hili sikulifikiria.

Jumanne, 11 Machi 2025
Kidonge cha jana hakikwenda na maji chooni. Vera kakiona.
Hakupiga kelele. Kaja na glasi, kakaa kitandani, kaniwekea kingine mdomoni kama padre atoaye komunyo.
"Meza, Baba. Kugombana tutagombana baadaye."
Nikanywa maji. Akaliangalia koo langu. Simu ya daktari ikaita, akatoka nayo kibarazani.
Kidonge kiko chini ya ulimi. Kinayeyuka — kichungu. Namsikia anauliza kama wiki ijayo inawezekana. Sauti yake nyepesi, ya zamani. Bado naweza kukitema. Anamuaga daktari. Anarudi —