Cheo cha Babu kwenye Karatasi ya Gavana

Kindu, tarehe 3 Mei 1949

Kwa baba yangu Kalume, kule Tunda,

Nakuamkia, baba, pamoja na mama Odile. Mugongo wako unaendelea aje? Mimi ni muzima, vidole tu vinauma kwa mashini ya kuandika.

Gavana wa Provinsi anakuja tarehe 30, pamoja na Monsinyori. Mimi, karani wa Komiseri, njo napiga karatasi ya watu watakaomusalimia: mapadri kwanza, kisha mashefu wenye medali ya serikali, kila muntu na cheo chake. Wewe nilipaswa kukuandika shefu, basi. Baba, mukono ulikataa. Watu wa kwetu wanakuita Liwali, kama walivyomwita babu yako wakati wa waungwana, Waarabu walipotawala huku. Nimeandika hivyo: Liwali Kalume. Uje na kanzu nyeupe.

Mutoto wako,
Isidore

Tunda, tarehe 11 Mei 1949

Isidore mwanangu,

Salamu zimefika. Mugongo ungali unauma, mama yako anaukanda na mawese.

Furaha yako naielewa, lakini futa lile neno. Babu yangu Wazungu walimufunga kamba mbele ya wake zake, kwa sababu ya cheo hicho. Tunakitamka nyumbani, kati yetu. Kwa karatasi ya serikali mimi ni shefu. Nitakuja nikijua umefuta. Asiyesikia la mukuu huvunjika guu.

Baba yako,
Kalume

Kindu, tarehe 20 Juni 1949

Baba mupendwa,

Habari za nyumbani? Wiki tatu nimekosa maneno ya kukuandikia.

Barua yako ilikuta karatasi imekwisha kupigwa muhuri. Kuirudisha ingekuwa kujishitaki mwenyewe, nikanyamaza, nikisema hakuna atakayeangalia. Nikaona Gavana anasoma jina lako, kisha anaupita mukono wako ulionyooshwa.

Lakini usihofu. Komiseri aliniita, nimemweleza vizuri, yamekwisha. Hata jina langu liko kati ya wale watakaopewa kadi ya wastaarabu, ile ya watu weusi ambao Wazungu wanawaheshimu. Unijibu, baba.

Mutoto wako,
Isidore

Kibombo, tarehe 2 Oktoba 1949

Isidore,

Nakuandikia toka Kibombo. Wamenileta nikae hapa, chini ya macho ya Administrata, na kurudi Tunda ni marufuku. Mama yako amebaki peke yake. Mugongo usiuulize.

Medali walinivua mbele ya watu wangu. Waliniuliza nani aliandika Liwali, nikafunga kinywa. Nilijua karani akikamatwa na kosa anafungwa, nikasema moyoni, mutoto asifungwe. Hapo Komiseri akatoa karatasi yenye sahihi yako, akaisoma kwa sauti: "Baba yangu njo aliniamuru."

Nilinyamaza kwa ajili yako, na wewe ulikuwa umekwisha kusema. Nilikuambia asiyesikia la mukuu huvunjika guu. Guu lililovunjika ni langu.

Nasikia kadi umeipata, na kwa misa ya Monsinyori unakaa kiti cha mbele. Kaa vizuri. Mimi Liwali wamenifuta, ushefu wamenivua. Kilibaki cheo kimoja, kile ulichokuwa unaandika mwanzoni mwa barua zako. Hicho nakivua mwenyewe. Usiniite hivyo tena.

Kalume